WALINZI WANAOMBEBA ADUI
Jinsi virusi vya UKIMWI vinavyopata njia ya kuingia mwilini

Mtu atokaye Kongo kwa njia ya Kasindi huvuka Mto Lhubiriha, na akifika ng'ambo huwa amekwisha ingia Mpondwe, katika Wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Mbele kidogo ni Bwera, penye hospitali ya serikali. Na mbele zaidi, kwa barabara ipitayo chini ya Milima ya Ruwenzori, ndipo ulipo mji wenyewe wa Kasese. Siku za soko watu huvuka mto huo kwa wingi, huyu na vitenge, yule na kahawa, mwingine na samaki wa Ziwa Edward, na mwingine aenda tu kumjulia hali shangazi yake; maana Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa nasaba moja, na mpaka uliwakuta papo hapo walipokuwa.

Ugonjwa wa Ebola ulipotanda mashariki ya Kongo kati ya mwaka 2018 na 2020, wahudumu wa afya waliwekwa mpakani hapo kumpima joto kila apitaye na kumwosha mikono. Mwezi Juni 2019 mtoto wa miaka mitano, aliyekuwa ametoka Kongo pamoja na jamaa zake waliohudhuria mazishi, alipitishwa njia ya panya pasipo kupimwa. Alifia Bwera, na bibi yake akamfuata. Mwezi Agosti mwaka huo huo msichana wa miaka tisa alipita njia ya halali, akatambuliwa pale pale mpakani na kupelekwa Bwera kutengwa. Naye pia, kwa masikitiko, hakupona. Lakini mara zote mbili ugonjwa haukuenea upande wa Uganda.

Nimeanza na habari za mpakani kwa sababu mwili wa mwanadamu nao una mipaka yake, na mipaka hiyo ina walinzi. Wataalamu huwaita seli za dendriti, jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya mti, kwa kuwa zikitazamwa kwa hadubini huonekana zimetoa matawi marefu kila upande. Seli hizi hukaa katika ngozi, na katika utando laini wa kinywa, wa matumbo, wa uke na wa govi la mwanamume, zimetandaza matawi yao kama mvuvi aliyetandaza nyavu. Kazi yao si kupigana. Kazi yao ni kukamata kila kijidudu kigeni kipitacho, kukimeza, kukikatakata, kisha kusafiri na vipande vyake mpaka kwenye tezi, yaani ile mitoki tunayoipapasa kinenani au kwapani tunapokuwa na kidonda mguuni au mkononi. Huko tezini ndiko wanakokaa askari wenyewe, seli za T. Zikionyeshwa vile vipande huitambua sura ya adui, huongezeka maradufu, na hutoka kwenda kumkabili.

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuchora ubaoni chembe nyeupe za damu kama askari wenye mikuki, na wadudu wa maradhi kama majambazi. Watoto waliupenda sana mchoro ule. Haukuwa na kosa, ila haukuwa na mlinzi wa mpakani; na pasipo yeye habari ya UKIMWI haieleweki sawasawa.

Walinzi hao walionekana zamani, ila hawakutambuliwa. Mwaka 1868, huko Berlin, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Paul Langerhans aliloweka vipande vya ngozi katika maji yenye chumvi ya dhahabu, akaona seli nyeusi zenye matawi. Alidhani ni sehemu ya mishipa ya fahamu. Jina lake lilibaki kwenye seli hizo mpaka leo, lakini kazi yake haikujulikana kwa zaidi ya miaka 100. Ndipo mwaka 1973, mjini New York, Ralph Steinman na mkuu wake Zanvil Cohn walipoziona seli za jamii hiyo katika wengu wa panya, wakazipa jina la dendriti. Wenzao wengi walitilia shaka kwa muda mrefu. Steinman alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, lakini hakuisikia habari hiyo: alikuwa amefariki dunia siku tatu kabla ya kutangazwa.

MKONO USHIKAO SUKARI

Sasa tuje kwenye kirusi chenyewe. Ili kiweze kuingia katika seli ya T na kuifanya kiwanda chake, kirusi cha UKIMWI hakina budi kukamata vipokezi viwili vilivyo juu ya uso wa seli hiyo. Kipokezi ni kama mkono au kitasa. Kila seli ina vingi, kila kimoja na kazi yake ya halali. Cha kwanza huitwa CD4, ndicho kile ambacho wagonjwa wetu wamezoea kuhesabiwa hospitalini. Cha pili, CCR5, kilitambuliwa kuwa mlango wa kirusi mwaka 1996. Lakini hapo pana fumbo. Katika ngozi nzima na utando wenye afya, seli za T zenye vitasa hivyo viwili ni chache, na virusi vinavyofika mlangoni navyo mara nyingi ni vichache. Vinakutanaje? Vinafikaje tezini, ambako seli hizo zimejaa tele?

Mwaka 2000 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, wakiwamo Teunis Geijtenbeek na Yvette van Kooyk, walitoa jibu lililowashangaza wengi. Juu ya seli za dendriti walikuta kipokezi walichokiita DC-SIGN, ambacho kazi yake ni kushika sukari ya namna fulani, hasa ile iitwayo manosi. Wadudu wengi wa maradhi wana sukari hiyo juu ya miili yao, hivyo mlinzi akipapasa na kuikuta hujua kwamba amemshika mgeni. Kirusi cha UKIMWI kimefunikwa sukari hiyo gubigubi. Tena si chake: kirusi hakina kiwanda cha kutengenezea kitu chochote, kwa hiyo sukari hiyo kilivikwa na seli ya binadamu iliyokizaa. Kinapita mpakani kimevaa nguo za nyumbani kwetu!

Mlinzi basi hukishika kwa nguvu, kama ipasavyo. Hukimeza, kama ipasavyo. Virusi vingi hukatwakatwa na kuisha. Lakini baadhi hubaki vizima, vimejibanza katika mikunjo iliyo ndani kidogo ya uso wa seli, na katika maabara vimeonekana vikidumu hivyo kwa siku kadhaa. Mlinzi naye, akiamini kwamba amebeba ushahidi wa kupeleka barazani, huanza safari yake ya kwenda tezini. Akifika hukumbatiana na seli ya T ili aionyeshe vile vipande, na hapo hapo kwenye mkumbatio, uso kwa uso, kirusi kizima huteleza kutoka kwa mlinzi na kumwingia askari. Mlinzi mwenyewe si lazima awe ameambukizwa. Yeye amekuwa gari tu.

Mwaka 2002 ilionekana kwamba mkono huo huo wa DC-SIGN hushika pia kirusi cha Ebola, na baadaye ikajulikana kuwa hushika vijidudu vya kifua kikuu na virusi vya homa ya dengi. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili ya kuanzia Mpondwe. Maradhi mawili yaliyowatia watu wa Bwera hofu kubwa kuliko yote, moja liuwalo kwa siku chache na jingine kwa miaka, hupokewa mlangoni na mkono mmoja.

Asije msomaji akadhani kwamba walinzi wote ni wasaliti. Mwaka 2007 Geijtenbeek na wenzake, wakiwa Amsterdam, walichunguza zile seli za Langerhans zikaazo tabaka la juu kabisa la ngozi na la utando. Hizi hazina DC-SIGN; zina kipokezi kingine, langerini. Langerini nayo hushika sukari ya kirusi, lakini hukipeleka moja kwa moja katika vijifuko vya ndani, na humo kirusi husagwa kikaisha. Kwa hiyo mtu mwenye ngozi nzima na afya njema ana kizuizi cha kweli, nacho ni sababu moja ya kwamba tendo moja la kujamiiana na mwenye virusi si kila mara huleta maambukizo. (Hili halimpi mtu ruhusa ya kubahatisha, wapo walioambukizwa kwa mara moja.)

Kizuizi hicho, hata hivyo, kina mipaka. Virusi vikija kwa wingi mno, langerini huelemewa. Na mwaka uliofuata, 2008, watafiti hao walionyesha jambo kubwa zaidi: seli za Langerhans zikiamshwa na uvimbe au na vijidudu vya maradhi mengine, huacha kusaga na huanza kubeba. Kadhalika kipokezi kiitwacho Siglec-1, kilichotambuliwa mwaka 2012 kuwa mshikaji mkubwa wa virusi hivi, huongezeka juu ya seli za dendriti pale mwili unapopambana na ugonjwa. Mlinzi ni yule yule. Hali ya mlango ndiyo inayobadilika. Na hali ya mlango ni jambo ambalo mtu, mwanamume kwa mwanamke, ana uwezo nalo. Ndiyo maana nimeona habari hii, ijapokuwa ni ya maabara, inafaa kurasa za nyumbani.

SWALI LA WAZEE WA KASESE

Wakonzo ni miongoni mwa makabila machache ya Uganda yenye mila ya kutahiri, pamoja na Waamba jirani zao, na Wagisu na Wasabiny wa mashariki. Kwa hiyo ukizungumza na wazee wa Kasese juu ya tohara na UKIMWI, swali moja hukosi kuulizwa: ikiwa tohara ni kinga, na sisi tunatahiri tangu enzi za mababu, mbona ugonjwa umetuingilia? Ni swali zuri, na linastahili jibu kamili.

Kwanza, tohara hupunguza hatari ya mwanamume, haiiondoi. Huko Rakai, kusini ya Uganda, wanaume 4,996 wasiokuwa na virusi waligawanywa makundi mawili, moja likatahiriwa mara moja na jingine likasubiri. Katika miaka miwili waliotahiriwa walioambukizwa walikuwa 22, na wasiotahiriwa 45. Jaribio kama hilo la Kisumu, Kenya, kwa wanaume 2,784, lilitoa matokeo yanayokaribiana nayo. Yote mawili yalisimamishwa mwezi Desemba 2006 kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwasubirisha waliobaki, na mwaka 2010 Uganda ikatoa sera yake ya tohara salama. Nusu ya hatari kuondoka si jambo dogo. Lakini nusu iliyobaki yatosha kabisa kumwingiza mtu kaburini.

Pili, sababu ya kinga hiyo yarudi kwa walinzi wetu. Upande wa ndani wa govi ni laini, nao hukaa na unyevu. Chini yake hustawi vijidudu visivyopenda hewa, ambavyo huichokoza ngozi siku zote na kuwaita walinzi na seli za T zije karibu na uso. Uchunguzi wa wanaume wa Rakai ulionyesha kwamba baada ya tohara vijidudu hivyo hupungua sana. Kumbe kinachoondolewa si ngozi tu, bali ni baraza zima la walinzi walioamshwa. Panapobakishwa sehemu kubwa ya govi, faida nayo hupungua. Na kisu kimoja kinapopitishwa kwa vijana kumi bila kuchemshwa, mila yenyewe yaweza kuwa ndiyo njia ya ugonjwa. Ngariba mwenye busara hawezi kukasirika akiambiwa haya.

Tatu, na hili ndilo ningependa akina mama wa Kasese walishike, tohara ya mume aliyekwisha kuwa na virusi haimkingi mke. Jambo hilo nalo lilichunguzwa Rakai, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2009. Wake wa waliotahiriwa hawakuambukizwa kwa uchache kuliko wake wa wasiotahiriwa, na waliokutana na waume zao kabla ya kidonda kupona ndio walioonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi. Kidonda cha tohara huchukua majuma sita kupona vizuri. Kijana anayejisifu kwamba amekwisha pona baada ya majuma mawili anajidanganya, na anamdanganya mwenzake.

Uchunguzi wa taifa uliofanywa Uganda mwaka 2016 na 2017 ulikuta virusi kwa asilimia 7.6 ya wanawake wa miaka 15 hadi 64, na kwa asilimia 4.7 ya wanaume wa umri huo. Tofauti hiyo ina sababu nyingi, na zilizo kubwa ni za kijamii: umaskini, ndoa za mapema, mwanamke kukosa kauli nyumbani. Lakini mlango nao una sehemu yake. Utando wa uke ni mpana, shahawa hukaa humo kwa muda mrefu, na magonjwa ya huko hufichika kwa kuwa mara nyingi hayaumi.

Hapa niseme wazi juu ya desturi ya kujiosha ndani kwa sabuni kali, ndimu, dawa za kusafishia vyombo, au majani ya kukausha uke ili kumridhisha mume. Uke hujisafisha wenyewe. Vitu hivyo huuchubua na kuua vijidudu vyema vinavyoulinda, na mahali palipochubuka ndipo walinzi wanapokusanyika. Tulipewa somo lenye uchungu miaka ya 1990. Dawa ya kuua mbegu za kiume iitwayo nonoksinoli-9 ilikuwa imeua virusi vya UKIMWI ndani ya chupa za maabara, ikatarajiwa kuwa ingewakinga wanawake. Ilijaribiwa Benin, Kodivaa, Afrika Kusini na Thailand. Matokeo yalipotoka mwaka 2000 ilionekana kwamba haikukinga hata kidogo, na wanawake walioitumia mara nyingi kwa siku waliambukizwa zaidi kuliko wenzao. Dawa ilikuwa imeuchubua mlango.

Kwa wale wa Katwe, wilaya hiyo hiyo ya Kasese, wanaosimama katika maji makali ya ziwa wakichimba chumvi, habari ya kuchubuka si ya kuhadithiwa. Maji yale huunguza ngozi, na sehemu za siri ndizo za kwanza kudhurika. Atokaye ziwani na michubuko apumzike mpaka ipone, na kama hawezi kupumzika, basi asikose mpira.

JERAHA LILILOPONA

Miaka ya 1990 wataalamu walikuwa na tumaini kubwa kwamba kuyatibu magonjwa ya zinaa kungezuia UKIMWI. Tumaini hilo lilitokana na Mwanza, Tanzania, ambako zahanati za vijijini ziliimarishwa ziweze kutibu kisonono, kaswende na mengineyo bila kuchelewa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya virusi yalipungua kwa asilimia 40 hivi. Huko Rakai, ambako watu wote walipewa dawa kwa mkupuo kila baada ya miezi kadhaa, hapakuonekana tofauti. Mabishano juu ya hayo yalikuwa marefu na sitayarudia. Mimi nawaamini watu wa Mwanza kwa jambo hili: mgonjwa akitibiwa siku anayoumwa, mlango hufungwa mapema, akingoja zamu ya kampeni, hubaki wazi kwa miezi.

Lakini ulibaki ugonjwa mmoja usiotibika kabisa, malengelenge ya sehemu za siri, ambao huenda na kurudi. Vidonge vya asaiklovia huyatuliza. Basi huko kaskazini-magharibi ya Tanzania wanawake zaidi ya 800 waliofanya kazi katika mabaa, hoteli na nyumba za wageni, wenye malengelenge lakini wasio na virusi vya UKIMWI, walipewa vidonge hivyo au vidonge vitupu kila siku. Mwaka 2008 hesabu ikatoka: maambukizo yalikuwa sawasawa katika makundi yote mawili. Jaribio jingine kubwa zaidi, lililofanywa Afrika na Amerika, nalo likatoa jibu lile lile. Wengi walivunjika moyo. Vidonda vilipungua, mbona virusi viliendelea kuingia?

Mwaka uliofuata, watafiti wa Seattle, Marekani, walichukua vipande vidogo vya ngozi mahali ambapo lengelenge lilikuwa limepona. Kwa macho, ngozi ilikuwa nzima. Kwa hadubini, walikuta pale seli za T zenye CD4 na CCR5, zikiwa zimesongamana, na pamoja nazo seli za dendriti zenye DC-SIGN. Zilidumu hapo kwa majuma mengi baada ya kidonda kufunga, hata kwa watu waliokuwa wakimeza dawa kila siku. Jeshi lilikuwa halijarudi kambini. Kirusi kilichofika mahali hapo hakikuwa na haja ya safari ya kwenda tezini. Mbebaji na mpokeaji walikuwa wamesimama pamoja mlangoni.

Kwa hiyo mtu aliyewahi kupata malengelenge asijihesabu salama kwa kuwa haoni kidonda. Mpira bado wahitajika.

MAZIWA YA MAMA, NA SAA 72

Katika mambo yote niliyoyasoma juu ya kipokezi hiki, lililonigusa zaidi ni la maziwa. Mwaka 2005 watafiti wa Amsterdam walionyesha kwamba maziwa ya binadamu yana kitu kinachokamata DC-SIGN na kukiziba, hata virusi visipate pa kushika. Yaani katika maziwa yale yale yanayoweza kumpitishia mtoto virusi, imo pia dawa ya kuwanyima virusi usafiri. Haitoshi peke yake. Lakini inasaidia kueleza kwa nini, kabla ya dawa kuenea, watoto wengi wa akina mama wenye virusi walinyonya na wasiambukizwe. Huko Durban mwaka 1999 ilionekana kuwa watoto walionyonya maziwa ya mama pekee waliambukizwa kwa uchache kuliko waliochanganyiwa na uji au maziwa mengine. Na maelezo yanayofikiriwa zaidi ni kwamba vyakula hivyo huyachokoza matumbo machanga. Mlango tena! Tangu mwaka 2012 Uganda humpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha yake yote. Mama azimezaye barabara na kunyonyesha maziwa matupu kwa miezi sita ana kila sababu ya kutumaini mtoto mzima.

Safari ile ya mlinzi kutoka mlangoni mpaka tezini yatueleza jambo jingine ambalo watu hulichelewa kila siku. Katika majaribio kwa nyani, virusi vilivyowekwa kwenye utando wa uke vilionekana tezini baada ya siku moja au mbili. Kikishajichimbia huko, hakuna dawa iliyopo ya kukitoa. Ndiyo maana mtu aliyebakwa, au aliyechomwa na sindano yenye damu, au ambaye mpira ulimpasukia, huambiwa afike hospitali kabla ya saa 72 kwisha ili aanze dawa za kinga kwa siku 28. Saa 72 ndiyo mwisho. Saa mbili ni bora kuliko siku mbili. Kwa msichana wa kijiji cha mlimani, anayefichwa na jamaa mpaka wazee wamalize kikao cha fidia, muda huo huisha kabla hajaiona barabara ya kwenda Bwera. Kikao kingoje. Apelekwe kwanza.

Na kwa mume na mke ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, kinga kubwa kuliko zote ni matibabu ya mwenye navyo. Mwaka 2011 ilithibitika kwamba dawa zikianza mapema maambukizo ndani ya ndoa hupungua kwa asilimia 96, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa mtu ambaye virusi havionekani tena katika damu yake hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Walinzi hawana cha kubeba. Mwaka huo wa 2011 pia, uchunguzi kwa wanandoa 4,747 wa Kenya na Uganda, wakiwamo wa Kabwohe katika magharibi hii hii, ulionyesha kwamba asiye na virusi akimeza kidonge cha kinga kila siku hatari yake hupungua hadi kwa asilimia 75.

Kidonge cha kila siku, hata hivyo, kina shida zake katika nyumba ambamo mama mkwe hupekua kabati. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya sindano iitwayo lenakapavia, ambayo hudungwa mara mbili tu kwa mwaka. Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambukizwa matokeo yalipotolewa. Na mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likashauri itumike. Sindano hiyo haimgusi mlinzi wala haizibi DC-SIGN. Mlinzi hukishika kirusi kwa sukari yake, hukibeba mpaka tezini, na hukikabidhi kwa seli ya T kama alivyozoea. Kirusi huingia. Ila dawa imekwisha tangulia humo ndani, nayo hulinasa lile ganda lililobeba mbegu ya kirusi, hata mbegu isiweze kufika kwenye kiini cha seli.